Nusu Inchi ya Komeo

Randa iliyoibwa ilikuwa na umri kumzidi inspekta, na kwa maelezo ya wenyewe ilikuwa na akili kuwazidi mafundi wote wa karakana ile ya useremala. Ilitoweka mchana kweupe, saa saba na kitu, ndani ya stoo isiyo na dirisha, yenye mlango mmoja uliokomewa kwa ndani. Na ndani alikuwemo mlinzi.

"Basi kesi imekwisha," koplo akasema, akichezesha pingu. "Alikuwa peke yake."

Inspekta, ambaye kituo kizima walimwita Mama Kwanini, alikuwa akimtazama mlinzi, mzee mwembamba aliyekalia kopo la rangi, kofia mapajani.

"Ulikuwa unafanya nini humu, mzee?"

"Nakula. Wenzangu wakienda kula, mimi najikomea humu na chakula changu."

"Ukishakula?"

"Napumzika."

"Macho wazi?"

Mlinzi akaigeuzageuza kofia. "Yanafumba kidogo."

"Yalipofumba, ulisikia nini?"

"Niliota mtu kagonga meza. Ta. Mara moja tu. Saa nane fundi mkuu akabisha, nikanyanyua komeo kwa mkono wangu. Jipya hili, angalau halinichomi kama lile la zamani. Akaingia, akauliza randa ya marehemu baba yake iko wapi. Mama, miaka ishirini na mmoja sijachukua hata msumari uliopinda. Leo nitapita sokoni nimefungwa mikono?"

Inspekta akaenda mlangoni. Komeo lilikuwa mbao iliyopakwa rangi nyekundu, limefungwa kwenye mlango kwa boliti upande mmoja. Upande wa pili liliangukia ndani ya kulabu ya chuma kwenye fremu. Mlango ulifunguka kwa ndani, kwa hiyo komeo likishaingia kwenye kulabu, aliye nje angesukuma mpaka achoke.

Akaliangusha, akavuta mlango. Ukasogea kidogo, ukakwama.

"Kwanini mlango unacheza?"

Fundi mkuu, mwenye karakana, alisogea na penseli yake sikioni. "Usicheze kwa nini? Mlango ni mlango."

"Kulabu ina nafasi gani?"

"Inchi mbili kamili. Mhunzi aliipinda kwa ajili ya komeo la mbili kwa nne."

"Na hili ni?"

"Mbili kwa nne."

"Nipeni rula."

Binti wa fundi mkuu, mwenye maranda mpaka kwenye nyusi, alitia mkono mfukoni mwa aproni. Akasita. Kisha akatoa rula ya chuma. Inspekta akapima unene. Akapima tena. Akapima upana.

"Fundi, hapa kuna wizi wa pili. Unene ni inchi moja na nusu, upana tatu na nusu. Nani kala nusu inchi kila upande?"

Fundi mkuu akacheka, mara ya kwanza tangu saa nane. "Hakuna aliyekula. Mbao inapewa jina ikitoka kwenye msumeno, ingali mbichi. Ikikauka inasinyaa. Ukiipiga randa inapungua tena. Jina ndilo halipungui. Nenda duka lolote la mbao uombe moja na nusu kwa tatu na nusu, watakuita mgeni."

"Kama mume wangu. Wanamwita Kibonge tangu shuleni, na siku hizi upepo ukivuma namshika mkono." Akagonga komeo kwa kidole. "Na lile la zamani?"

"Lile lilikuwa la msumeno tu, halikuguswa na randa. Mbili zake kamili. Lilibana hata tukalinyanyua kwa mikono miwili. Mchwa wakalila, nikaagiza jingine."

"Na hili jipya, nani alilikata?"

Koplo akaacha kuchezesha pingu.

Inspekta akaigeuza rula kwenye mwanga. Ukingoni, karibu na ncha, palikuwa na mstari mwembamba mwekundu. Alitoka nje na wengine wote, akamwambia mlinzi abaki ndani akomee, kisha akasukuma mlango. Ukafunguka nafasi ya nusu inchi. Rula ikapenya, ikalinyanyua komeo, mlango ukaachia. Akaingia, akatoka, akauvuta mlango huku rula imelishikilia komeo juu, akachomoa rula.

Ta.

"Ndiyo hiyo meza," mlinzi akasema kutoka ndani, akafungua mlango, akarudi kukalia kopo lake.

Inspekta alimgeukia binti.

"Rula ya nani?"

"Yangu."

"Rangi nyekundu imefikaje hapa?"

"Nilipaka komeo mwenyewe."

"Ulipaka kwa rula?"

Binti akajipangusa maranda nyusini.

"Kwanini ulilipiga randa komeo la stoo, dada? Nani anatazama uzuri wa komeo?"

"Mjomba analishika kila siku," binti akasema, akimwelekezea kidole mlinzi. "Lile la zamani lilimjaza vibanzi mikononi. Hili nikalilainisha. Nilipolifunga nikaona mlango unacheza. Nilikuwa nilibadilishe."

"Hukulibadilisha."

"Baba akatangaza. Kesho, mbele ya watu, randa ya babu anampa mume wangu, na karakana pamoja nayo. Mume wangu nampenda. Lakini akigonga misumari mitatu, miwili inapinda na wa tatu ni kidole chake. Viti vyote unavyoviona ni mkono wangu. Yeye anaitwa fundi. Mimi naitwa mke wa fundi. Nikasema randa isipoonekana, hakuna wa kukabidhiwa."

"Na mjomba?"

"Nilidhani mtamtafuta mwizi wa nje. Sikufikiri komeo litamkamata yeye. Nisingekubali apande gari lenu."

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Ujasiri."

Randa ilikuwa chini ya benchi lake, ndani ya gunia la maranda. Koplo aliileta kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Fundi mkuu akapitisha kidole gumba kwenye kisu chake, akakiondoa haraka.

"Umeinoa?"

"Ilikuwa butu tangu mwaka jana, baba. Hukuona."

Inspekta akafungua daftari. "Unafungua kesi, fundi?"

"Hakuna kesi."

"Ipo," mlinzi akasema, akisimama. "Nimekalia kopo kwa saa mbili nikitazamwa kama mwizi."

Binti akapiga magoti. "Nisamehe, mjomba."

"Inuka, nimesikia. Lakini nyuma ya komeo hilo silali tena."

"Kumbe unalala," koplo akasema.

Fundi mkuu alijifuta damu kidoleni. Kisha akamnyooshea binti yake randa, mpini mbele.

"Shika, fundi. Kamkatie mjomba wako komeo jingine. Mbili kwa nne," akasema. "Na usilipige randa."