Daktari wa Mguu wa Kushoto

"Mnase kabla mtihani haujaisha. Ukikamata asiye yeye, usirudi ofisini."

Ndiyo amri aliyoipokea Faisal kwenye simu yake ya Motorola, Silver Spring, Marekani, katika baridi ya Novemba 1999. Bastola yake ya Beretta aliiacha garini kwa mwenzake Chebet. Simu ikafungiwa kabatini.

Sasa jasusi huyo alikuwa mbele ya kompyuta, daktari wa bandia, akifanya mtihani wa mwisho wa leseni ya udaktari. Macho yalimwasha kwa kukesha.

Mgonjwa wake wa kwenye kompyuta alikwisha kufa.

Safu ya mbele, Dkt. Mbarak alijibu maswali bila haraka. Idara ya Faisal ilimshuku kuwa ni mtu wa magendo: akipata leseni, vidonge vya mofini vitamwagika mitaani kwa sahihi yake. Lakini karatasi zake zilikuwa safi. Kumkamata daktari wa kweli ni kumharibia maisha. Kumwacha wa uongo ni kuzika watu.

Mapumziko.

Mbarak akaenda msalani. Faisal akamfuata, miguu mizito.

"Adhuhuri, shekhe," Mbarak alisema akikunja suruali. "Mimi mtoto wa Unguja bwana! Nilihitimisha Kurani chuoni kabla sijaota ndevu."

"Mashallah. Sisi wa Mombasa tulikuwa tukitoroka."

Mbarak akacheka. Akanawa uso, mikono, akapaka maji kichwani. Kisha akainua mguu, akautia kwenye beseni.

Wa kushoto.

Faisal aliisikia fimbo ya mwalimu wake ikimwasha kifundoni. Mtoto wa chuoni huanza na wa kulia hata usingizini. Au ni uchovu tu? Yeye mwenyewe alikuwa hoi.

"Kaka, umeanza kushoto."

Wa kweli angecheka, akaanza upya.

Huyu alichomoa wembe.

Lakini mguu wake mmoja ulikuwa bado ndani ya beseni. Faisal akaupiga mtama ule wa pili. Kisogo cha Mbarak kikagonga vigae.

Wembe ukamtoka mkononi.

Akaichukua simu kabatini.

"Chebet, njoo umzoe."

"Una hakika ni yeye?"

"Kanitolea wembe."

Chebet akaja na pingu, akamkunjia Faisal uso. "Na mtihani, daktari?"

"Nimeua mgonjwa tangu asubuhi."

"Pole, buda. Enda ulale."

Bomba lilikuwa bado linamwaga maji. Faisal akavua viatu, polepole, akatawadha.

Mguu wa kulia kwanza.

Kisha akachukua koti lake, akaondoka kwenda kuswali, halafu kulala.