Furushi Jeusi Chini ya Sakafu

Kila alasiri baada ya shule, Apeduno alichota maji, akamwogesha mdogo wake Ejoku, kisha akaketi kwenye ngazi ya trela kumtazama kwa jicho la pembeni fundi Okurut, aliyekuwa akiikarabati.

Trela hiyo kuukuu, iliyoegeshwa karibu na malori ya mpakani Malaba, ndiyo iliyokuwa duka la Mama la kushonea nguo na chumba chao cha kulala. Siku za soko ilivutwa na pikapu hadi Angurai au Chakol. Shida yake ilikuwa sakafu. Upepo ulipita chini, sakafu ikawa baridi kama jiwe la kisimani, na kifua cha Ejoku kilikuwa kimebana mara mbili mwaka huo. Daktari alionya kwamba mtoto asilale tena penye baridi.

Mama alitaka sponji ya magodoro iwekwe chini ya sakafu. Okurut alichovya kipande ndani ya ndoo, akakikamua. Maji yakachuruzika.

"Mama, hii itakunywa mvua yote ya barabarani. Tuweke bodi nyeupe, kama za masanduku ya samaki. Barafu haiyeyuki upesi humo, kwa sababu joto halipenyi. Baridi nayo haitapenya."

Mama akakubali. Okurut akazipachika bodi kati ya vyuma, akaanza kuzifunika kwa bati. Hapo Apeduno akamwona akiangaza macho huku na huku, kisha akisukuma furushi jeusi ndani na kulifunika kwa bati.

"Ni magendo hayo!" rafiki yake Mourine alimnong'oneza alipomsimulia. "Si ametoka Tororo huyo, ng'ambo ya mpaka? Polisi wakilipata, atafungwa nani? Si mama yako?"

Usingizi ukamruka Apeduno. Kumuuliza fundi aliogopa. Jumamosi, kazi ilipokwisha na Okurut akaenda kula, alitambaa chini na spana, akafungua nati tatu na kulivuta furushi. Ndani ya turubai jeusi mlikuwa na vipande vya bodi nyeupe tu. Mara akasikia hatua. Alikaza nati moja, akakimbilia ndani na furushi, akalificha katika gunia la vitambaa, wala hakuthubutu kumwambia mtu.

Jumatano walikwenda Angurai. Mvua ikawapiga njiani. Bati likaning'inia, tope likarukia ndani, na asubuhi Ejoku alikuwa akipumua kwa mluzi. Walipotoka zahanati, trela ikavutwa moja kwa moja hadi kwa Okurut, Malaba.

"Umeniibia, fundi!" Mama alifoka. "Kila dereva hapa atalisikia jina lako!"

"Hawa wa ng'ambo tunawajua," dereva mmoja alidakia.

Okurut alilala chali chini ya trela, akatoka polepole. "Nati zangu nilizikaza zote, mama. Na furushi langu liko wapi?"

"Furushi gani tena?" Mama alimkazia macho.

Kila mmoja alimshuku mwenzake. Apeduno alimtazama Ejoku mgongoni mwa Mama, akaingia ndani, akatoka na furushi.

"Ni mimi," alisema huku akilia. "Nilidhani ni magendo."

Okurut alilifungua mbele ya wote. "Chuma cha hapa kimepinda, bodi nzima haikai. Vipande hivi vinaziba pengo, na turubai linazuia maji."

"Mbona ulikuwa ukiangazaangaza?" Apeduno aliuliza.

"Nati ilinidondoka, mwanangu. Ningekuona, ningekuomba uniokotee."

Madereva wakacheka. Mama hakucheka. Alimwomba Okurut msamaha palepale, mbele ya wote waliosikia akimwita mwizi. Kisha akamgeukia binti yake.

"Sote wawili tumekosa. Kushuku si dhambi, Apeduno. Lakini shaka ipe mdomo kabla ya kuipa spana. Uliza kwanza. Na ukiharibu, sema siku hiyohiyo, kabla mtoto hajaugua."

Jioni hiyo Apeduno alilala chini ya trela kando ya fundi, akimpa nati moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho ikakazwa.