Bomba la Mwisho la Mzee Orrin

Theluji ilikuwa ikiyeyuka mji mzima. Jumanne hiyo asubuhi, gari jeupe lililotapakaa matope liliingia kwenye uwanja wa mtambo wa majitaka wa Nordby. Verlyn Aasgaard, fundi pekee wa mtambo huo, hakuwa akimtarajia mtu. Alitoka nje na kikombe cha kahawa mkononi.

"Kama umekuja kunifungia mtambo," alisema, "subiri nimalize kahawa."

Mwanamke aliyeshuka garini alicheka. Alivaa buti za mpira zilizofika magotini.

"Mimi si mtu wa serikali, kaka. Naitwa Renata Trimble. Chama cha maji vijijini kinanituma miji midogo kuwasaidia mafundi. Nimesikia mmepata barua."

Barua ya jimbo ilikuwa ukutani, karibu na kalenda. Verlyn aliijua kwa moyo. Maji yanayotoka mtamboni kwenda mtoni yalikuwa na amonia nyingi mno. Kibali cha mji kiliruhusu miligramu mbili kwa lita. Nordby ilikuwa na sita. Mpaka kipimo kishuke, hakuna jengo jipya litakalounganishwa na mabomba ya majitaka.

"Na mnalo jengo jipya?" Renata aliuliza.

"Tunalo. Nyumba ya wazee, pale nyuma ya kanisa. Rangi imeshakauka. Baba mkwe wangu ana chumba pale, dirisha linatazama ziwa. Magoti yake yamechoka na anaishi peke yake. Daktari hataki aishi hivyo msimu mwingine wa baridi. Pale pasipofunguliwa, itabidi tumpeleke mji mwingine, maili themanini. Mke wangu akilisikia jambo hilo anatoka chumbani."

Renata alikwenda mahali majitaka ya mji yanapoingilia, akatumbukiza kipimajoto. Alikitazama, kisha akamtazama Verlyn.

"Watu wa hapa wanaogea barafu?"

"Kwa nini?"

"Maji haya ni ya baridi sana. Halafu ni meupe. Majitaka ya kweli huwa na joto la jikoni na bafuni. Njoo uone."

Alimpeleka kwenye tangi kubwa, ambamo maji yalikuwa yakibubujika kwa hewa iliyopulizwa kutoka chini.

"Humu ndani una wafanyakazi wengi kuliko watu wa jimbo zima," alisema. "Bakteria. Ndio wanaokula uchafu. Wale wanaokula amonia huzaliana polepole. Wanataka hewa, na hawapendi baridi. Sasa maji haya yanakuja kwa kishindo na kuwasomba mpaka mtoni kabla hawajashiba."

"Yaani maji safi ndiyo yanayoniponza?"

"Maji safi yaliyoingia pasipo pake. Yanatoka wapi, Verlyn?"

Verlyn alikuna kichwa. Uso ulimwiva, akaanza kumweleza.

Kila nyumba ya Nordby ina chumba chini ya ardhi. Katika sakafu yake kuna shimo na pampu. Theluji ikiyeyuka, maji huchuruzika shimoni, na pampu huyatoa. Zamani yalitolewa nje. Lakini mwaka mmoja maji hayo yaliganda njiani, na mama wa posta aliteleza akavunjika nyonga. Ndipo wanaume wa kanisa walipoanza kupita nyumba kwa nyumba kila Jumamosi. Waligeuza mabomba ya pampu, wakayaelekeza kwenye bomba la majitaka. Wanawake walileta vitafunio vitamu na kahawa. Watu wa Nordby bado wanazikumbuka Jumamosi hizo kwa furaha.

"Na nani aliwaongoza?" Renata aliuliza.

"Baba mkwe wangu. Orrin Fjelstad. Alikuwa fundi bomba."

Walimkuta mzee mezani nyumbani kwake, na binti yake Marlys, mke wa Verlyn, akimpakulia viazi. Renata alieleza, kisha akaomba ruhusa ya kushuka chini. Alimimina rangi ya kijani shimoni.

"Unanipikia supu huko, mama?" Orrin aliita kutoka juu.

"Supu ya njegere, mzee! Tutaionja mtamboni."

Verlyn alirudi mtamboni kutazama, na nusu saa baadaye akapiga simu. Marlys alisikiliza, akaweka simu taratibu.

"Maji yanaingia ya kijani, Baba."

Orrin alisukuma sahani yake kando.

"Tulikuwa tunafanya wema," alisema.

"Najua, Baba."

"Nyumba arobaini na mbili. Kwa mikono hii." Aliitazama mikono. "Kumbe nilikuwa najifungia mlango wa chumba changu mwenyewe."

Marlys alimshika bega. Renata aliketi karibu naye.

"Mzee, wema ulikuwa wema. Ila maji ya theluji hayahitaji kusafishwa. Yapelekwe nje, mbali na ukuta, kwa bomba lililoinama kuelekea mtaro wa nyuma. Yasipopita njiani, hayatamwangusha mtu."

Orrin akagonga meza.

"Nimeyafunga mimi, nitayafungua mimi. Nyumba zote arobaini na mbili. Marlys, niletee spana yangu."

"Baba, na magoti hayo?"

"Sijasema nitacheza dansi!"

Basi Jumamosi zilirudi. Vijana wa kanisa walishuka chini kwenye vyumba, na Orrin alikaa kwenye kiti juu ya ngazi akiwakaripia.

"Inamisha zaidi! Maji hayapandi mlima, bwana wee!"

"Mzee, ndivyo ulivyotufungia mwenyewe!"

"Ndiyo maana najua kosa lilipo. Inamisha!"

Mtamboni, Renata alimfundisha Verlyn kulirudisha tope lenye bakteria kwenye tangi, badala ya kulitoa lote. Alimfundisha kupima hewa kila asubuhi na kuandika kipimo ubaoni. Kila wiki amonia ilishuka. Tano. Nne. Kisha mbili na nusu.

Jumatatu moja ya Mei mvua kubwa ilinyesha kutwa nzima. Nyumba moja tu ilikuwa imebaki. Verlyn alisimama juu ya tangi, koti limelowa, akiitazama mashine ya kupima mtiririko. Mwaka uliopita, mvua kama hiyo ilifurisha kila kitu. Safari hii mshale wake ulipanda kidogo tu, ukatulia.

Ijumaa majibu ya maabara yalifika. Moja na nukta mbili! Saa nane mchana simu kutoka ofisi ya jimbo ikalia: nyumba ya wazee iunganishwe. Verlyn alikimbia barabarani bila kofia mpaka kwa mzee. Gari la zimamoto lilipiga king'ora kuzunguka mji mara tatu. Marlys alilia na kucheka, akamkumbatia Renata na kumwinua mpaka buti zake zikaacha sakafu.

"Baba, una dirisha lako!"

"Na kesho nina ndoano yangu," alisema Orrin. "Kesho ndiyo siku ya kufungua msimu wa uvuvi ziwani. Miaka sitini na moja sijaikosa."

Kisha akamgeukia Marlys.

"Kesho ni Jumamosi?"

"Ndiyo."

"Nilimwahidi Lorraine Stokke. Jumamosi, saa tatu. Sikutazama kalenda."

Lorraine alikuwa mpishi wa shule. Nyumba yake ndiyo iliyobaki.

"Mzee, mtambo umeshafaulu," Verlyn alisema. "Nyumba moja haitatuangusha. Vijana wote wanakwenda ziwani. Tutaifanya wiki ijayo."

"Nilimwambia kesho," alisema Orrin.

Asubuhi magari yalipita yakikokota mashua, moja baada ya jingine. Watu walipiga honi na kumpungia mkono. Orrin aliwapungia pia. Kisha akaingia kwa Lorraine, na kwa kuwa hapakuwa na kijana wa kumtuma, alishuka chini mwenyewe. Alishuka kwa makalio, ngazi moja moja, Marlys akiwa mbele yake na taa.

"Mzee Orrin, leo si siku ya kuvua?" Lorraine aliuliza kwa mshangao. "Mbona hukusema?"

"Samaki hawana saa. Wewe ulinisubiri saa tatu."

Kazi ilimchukua mpaka adhuhuri. Alipokaza skrubu ya mwisho, pampu ilinguruma. Lorraine alikimbia nje kutazama.

"Yanatoka!" alipiga kelele kutoka nyuma ya nyumba. "Yanakwenda mtaroni!"

Orrin aliegemea ukuta. Lorraine alirudi na sahani ya vipande viwili vya mkate vilivyopakwa samaki.

"Samahani, mzee. Nina samaki wa kopo tu."

Orrin alifuta spana kwa kitambaa, akaiweka mfukoni, akapokea mkate.

"Huyu," alisema huku akitafuna, "ndiye mkubwa kuliko wote niliowahi kupata."