Mstari Ambao Fundi Hakuuelewa

Feni ilianza kuzunguka kabla fundi hajaiandika.

Alikuwa hoi. Kiboksi kile cha kuhifadhia picha za nyumbani kilikuwa cha shemeji yake, na waliokitengeneza walishakitelekeza. Fundi alitaka kukiwekea mfumo mpya wa kukiendesha, Linux, kisitupwe, ikabidi aandike faili la kukieleza: taa ipo wapi, feni ipo wapi, diski zinaingia wapi. Kisichoandikwa, mashine haikioni. Alinakili faili la kiboksi kinachofanana nacho, akarekebisha mstari mmoja mmoja. Mmoja hakuuelewa. Kope zilikuwa nzito, akauacha.

"Kunanuka nini humu?" mkewe aliuliza mlangoni. "Kama nywele zilizoungua."

"Labda waya."

Lakini diski zilikuwa mbili, na mashine ilionyesha tatu. Aliifungua ile ya tatu, ikatoa pumzi za mtu aliyelala.

"Mume wangu, njoo," feni ikanong'ona kwa sauti ya mkewe, na mkewe yupo pale pale, kiganja mdomoni.

Fundi akachomoa waya wa umeme, feni ikazidi kuzunguka, harufu ikapanda ukutani na kuingia kwenye nguo zao na mate yao, na ile sauti ikaendelea kumwita taratibu, kwa upole ambao mkewe hakuwa nao tangu uchovu uingie nyumba ile.

Jioni hiyo hiyo akaja shangazi wa mkewe, mganga, aliyeitwa kwa simu.

"Nani kakuleta?" akakiuliza kiboksi.

"Yeye. Kaniandika, nikaingia."

Shangazi akamgeukia fundi. "Baba, umeandika nini usichokijua?"

"Nilichoka, shangazi."

"Basi futa. Mimi namshika."

Akaufuta ule mstari, akachomeka waya, akaanza kulipakia faili upya. Shangazi alisoma dua, jasho likimtiririka. Sauti ikalia, ikaomba, ikamtaja fundi kwa jina la utani ambalo mkewe humwitia chumbani tu. Mkewe aliziba masikio. Kisha kiboksi kikazima, kikawaka, kikaonyesha diski mbili. Harufu ikaisha.

Shangazi aliondoka akiegemea ukuta. Fundi akajilaza sakafuni.

"Mume wangu, njoo ule," akasikia kutoka jikoni.

Hakuitika. Aliitwa tena, na tena, kwa hasira sasa, naye akakaza macho mlangoni, akisubiri kuona ni nani atakayetokea.