Usiiwashe Tena, Baba

Kila asubuhi Baba alikunywa chai mbele ya kompyuta. Aliiwasha kwanza, kisha akaenda kuweka birika jikoni, maana kompyuta ilichelewa kuamka kuliko maji kuchemka. Aliporudi na kikombe alifungua faili moja, na Mama akaanza kusema.

"Ukikata kola, usikivute kitambaa. Kiache kilale chenyewe."

Mama alikuwa fundi cherehani. Alipoanza kuugua alijirekodi akieleza kazi yake, kidogo kidogo, ili nami niijue. Sasa cherehani ni yangu. Sauti yake ilibaki ndani ya kompyuta ile, na haikuwepo mahali pengine popote.

Jambo hilo hatukulifikiria mpaka kompyuta ilipoanza kugonga.

Ilikuwa sauti ndogo, kama ukucha juu ya meza. Mama alikwama katikati ya neno. Kompyuta ikagonga, ikanyamaza, ikagonga tena. Kisha Mama akaendelea.

"Imezeeka tu," alisema kaka yangu. Siku iliyofuata ilipokwama, aliipiga kofi ubavuni. Mama akaendelea kusema. Kaka akajisifu: "Mmeona? Kama huyu dada yangu darasani, hasemi mpaka kofi."

"Nilikuwa nakupa majibu wewe," nikamwambia.

Tulicheka. Lakini baada ya muda kofi moja halikutosha tena. Nikiwa nashona chumba cha pili nilisikia ule mlio wa ukucha, na mguu wangu ukasimama kwenye kanyagio. Baba naye aliacha kuizima kabisa. Aliogopa kwamba ikizimwa haitaamka. Hakusema hivyo, ila alikuwa akipita karibu nayo kwa kunyata, kama mtu anayepita kwenye chumba cha mgonjwa.

Kaka akaenda sokoni. Alirudi na kijisanduku cheusi cha kuhifadhia faili, kizito mkononi. Muuzaji alimwambia kinaweza kubeba vitu vya mtaa mzima, na bei ilikuwa ya kutupa. Tulinakili kila kitu. Majina ya rekodi zote yakatokea, moja chini ya jingine. Baba alipumua kwa nguvu.

"Tumepona," Kaka akasema.

Nikafungua rekodi moja iliyo ndani ya kile kijisanduku. Kimya. Nikafungua nyingine. Kompyuta ikasema faili imeharibika. Nikajaribu ya tatu, ikawa vilevile. Majina yalikuwepo, Mama hakuwepo.

Nilipanda ngazi kumwita jirani yetu wa juu. Ni fundi wa kompyuta. Watu humwita Bisibisi, kwa sababu bisibisi yake huichomeka kwenye nywele na huisahau humo hata akienda harusini.

Alishuka nami, akakibandua kile kijisanduku. Ndani kulikuwa na kadi ndogo kama ya simu, na kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi.

"Hiki chuma ni cha kuudanganya mkono," alisema. "Kadi hii ni ndogo sana. Ikijaa inaendelea kukuonyesha majina, lakini ndani hakuna kitu. Nani kanunua?"

Kaka akawa anatazama dari.

"Kaka mkubwa, nimekuuliza."

"Alikuwa na sura ya mtu mwema," Kaka akajibu.

Bisibisi hakucheka. Alikuwa ameinamisha sikio kwenye kompyuta. Ikagonga. Akaizima, kisha akachomoa waya ukutani. Baba alinyanyuka.

"Mwanangu, haitawaka."

"Baba, sikiliza. Ndani ya diski hii, inayotunza faili zenu, kuna sahani inayozunguka kwa kasi. Juu yake kuna mkono mwembamba unaosoma. Mkono huo umechoka, na sasa unahangaika. Huenda tayari unaikwaruza sahani. Ukiipiga kofi unazidi kuikwaruza. Ukiiacha ikizunguka mchana kutwa, inakwisha."

"Na nikimsikiliza asubuhi?"

Bisibisi aliukunja ule waya. "Hata hapo inakwisha. Usiiwashe tena, Baba, mpaka niwe tayari. Sijui imebakiza nguvu kiasi gani. Nisingependa iishie kwenye chai."

Baba aliondoa mkono wake juu ya kompyuta kama imemuunguza.

"Kumbe nilikuwa nammaliza," alisema.

"Hukujua, Baba."

Asubuhi zilizofuata Baba alikunywa chai mbele ya skrini nyeusi. Nyumba ilikuwa kimya hata nikasikia kijiko kikigusa kikombe.

Mimi na Bisibisi tulikwenda dukani kununua diski ya aina nyingine, inayoitwa SSD. Njiani nilimuuliza ina tofauti gani.

"Haina sahani, haina mkono. Haina kinachozunguka. Ni kumbukumbu kama ya simu yako, ila kubwa na ya kasi zaidi. Ukiigonga kidogo haijali. Na kompyuta itaamka haraka."

"Basi nichukue yoyote?"

"Mdogo wangu, unanunua kitambaa bila kumpima mtu?"

Alikuwa ameshaifungua kompyuta yetu na kutazama ndani. Zipo SSD bapa, ukubwa wa pakiti ya karata, zinazounganishwa kwa nyaya. Zipo nyembamba kama kipande cha rula, zinazochomekwa moja kwa moja kwenye ubao wa ndani. Kompyuta yetu ni ya zamani, haina tundu la ile nyembamba. Tulihitaji ile bapa.

"Na nafasi?"

"Tazama vitu mlivyonavyo, kisha chukua yenye nafasi mara mbili. SSD ikijaa pomoni inapunguza kasi. Na ukiona inayojisifu nafasi kubwa kwa bei ya karanga, mkumbuke kaka yako."

Tulichukua ya kampuni inayojulikana, kwenye duka linalotoa dhamana ya maandishi. Tulinunua pia diski ya nje ya kuwekea nakala.

Kazi ilifanyika mezani kwa Bisibisi. Aligusa chuma kwanza ili kuondoa umeme wa mwilini, ndipo akaitoa diski ya zamani. Aliiunganisha kwenye kompyuta yake. "Tunaanza na sauti za Mama," alisema. "Mambo mengine baadaye, kama itakubali."

Diski ikazunguka. Ikagonga. Kaka alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Rekodi zilipita moja moja, zikasimama, zikapita. Ilipogonga mfululizo Bisibisi aliizima, akaiacha ipoe, akaiwasha tena. Baba aligeukia ukuta. Alisema hawezi kutazama.

Rekodi moja ilikataa. Bisibisi aliijaribu tena na tena, mpaka diski ikatoa mlio mrefu na kunyamaza moja kwa moja.

"Imekufa," alisema polepole. "Zimetoka zote, isipokuwa ile moja. Samahani, Baba."

Tuliangalia jina lake. Lilikuwa tarehe tu. Hakuna kati yetu aliyewahi kuifungua. Mpaka leo sijui Mama alisema nini siku ile.

Bisibisi aliifunga SSD mahali pake kwa skrubu, akaunganisha waya wa umeme na waya wa data. Aliweka mfumo wa kompyuta upya, kisha akarudisha rekodi. Alinitaka nifungue kila moja na kuisikiliza mwanzo, katikati na mwisho. "Majina hayatoshi," alisema. "Ulishajifunza."

Nakala ya pili tuliiweka kwenye diski ya nje, ikaenda kukaa nyumbani kwa Kaka.

"Msije mkalala usingizi," Bisibisi akatuonya. "Ile ya zamani iliwaambia kwamba inaumwa. SSD inaweza kufa bila kugonga hata mara moja. Kila mkiongeza kitu, ongezeni na kwenye nakala. Na hiyo nakala msiitupe kabatini miaka. Ichomekeni mara kwa mara, muisikilize."

Asubuhi iliyofuata kompyuta iliamka kabla Baba hajafika jikoni. Alirudi na kikombe kitupu, akasimama mlangoni.

"Mbona haisemi?" aliuliza. Uso wake ulijaa hofu.

"Haina kinachozunguka, Baba. Ndivyo ilivyo."

Nikafungua ile ya kola. Mama alieleza mpaka mwisho, bila kukwama. Baba alinyoosha mkono aifunge, kama alivyozoea. Nikamzuia, kwa sababu rekodi ilikuwa bado inakwenda, na nilipoikagua nilikuwa nimeusikia mwisho wake. Miaka yote mvumo wa diski ya zamani uliifunika sehemu ile. Sasa tulisikia kiti kikisogezwa, hatua, halafu sauti ya Mama, kwa mbali, akiita kutoka jikoni:

"Baba watoto, chai yako inapoa."

Baba alikitazama kikombe chake kitupu.

"Haya, nakuja," akasema, akaenda jikoni.