Hadithi ya Birika

Kitu cha kwanza alichokiona ni uzi. Uzi mweusi, mwembamba, umezungushwa pale ambapo mkono wa miwani ya kijana mmoja ulikutana na fremu. Kaunta ya dobi ilikuwa imejaa watu wenye haraka ya Jumamosi, kila mmoja akinyoosha risiti yake juu ya bega la mwenzake, lakini macho ya binti wa pasi yaliganda kwenye ule uzi.

"Dada, naomba koti langu jeupe. Lina doa la wino mfukoni."

"La fundi wa miwani?"

"Ndiye mimi."

Binti akauma mdomo wa chini.

"Cheka tu," kijana akasema. "Fundi wa miwani, miwani yake imefungwa kwa uzi."

"Sijasema kitu, kaka."

"Mdomo haujasema. Macho yamemaliza yote."

Binti akampa koti likiwa bado na joto la pasi. Siku hiyo alivaa gauni la bluu lililopauka mabegani na kitambaa cha njano kichwani, na mvuke ulikuwa umemlowesha shingo. Pale kazini walimwita Kimya, maana angeweza kupiga pasi rundo zima la mashati bila kutoa neno.

Lakini kulikuwa na sauti nyingine mle ndani. Mwenye dobi, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha ghafla ambaye wote walimwita Bosi, alikuwa na spika ndogo juu ya kabati. Humo mwanamke alisoma hadithi fupi za Kiingereza tangu asubuhi: mtu amesahau mwavuli, mtoto ana homa, jirani ameazima ngazi. Kila hadithi ikiisha, mwanamke aliuliza maswali, akanyamaza kidogo ili mwanafunzi ajibu. Bosi alizinunua apate kuongea na wateja wake wageni, ila kila spika ikianza kusema, na yeye alianza kupiga soga. Aliyejifunza ni Kimya, bila kukusudia, mkono ukienda na kurudi juu ya kola za watu.

Ndiyo maana spika ilipouliza ni nani aliyeazima ngazi, Kimya alijibu kwa Kiingereza chini ya pumzi, kama mtu anayejikuna.

Fundi aligeuka. "Kumbe na wewe unasoma hizi hadithi?"

"Eh?"

"Mimi ninazo! Makaratasi yake yote ninayo. Nina mtihani wa kuingia chuo cha macho, na ufahamu wa Kiingereza unanitoa jasho. Nasoma mpaka mwisho, nikiulizwa nani kafanya nini, kichwa cheupe. Wewe unazisoma?"

Alipaswa kusema, nazisikia tu. Lakini nyuma ya Fundi watu walikuwa wanasukumana, na yeye alikuwa anamtazama kwa heshima ambayo hakuna mtu aliyewahi kumtazama nayo.

"Ndiyo," akasema.

Tangu hapo kila mchana Fundi alikuja na makaratasi yake. Walikaa kwenye benchi nyuma ya dobi, katikati ya mashuka yaliyoanikwa, kukinuka sabuni na maji ya moto. Kila karatasi ilikuwa na picha juu, hadithi katikati, maswali chini.

"Leo soma wewe," Fundi aliomba.

"Soma wewe, mimi nitajibu."

"Kila siku mimi? Kwa nini?"

"Napenda sauti yako."

Ilikuwa kweli, na pia ilikuwa mahali pa kujificha. Alifumba macho, Fundi akasoma kwa kujikwaa, kisha akauliza maswali, na Kimya akajibu yote bila kukosea, kwa matamshi yaleyale ya mwanamke wa spika. Fundi alijipiga kofi pajani.

"Wewe mtoto, ulisoma wapi?"

"Huko huko."

"Huko huko ndiyo shule gani?"

"Fundi, mchana unaisha. Soma."

Shule yenyewe ilikuwa darasa la tatu. Mama yake aliugua, mdogo wake alihitaji wa kumbeba, na siku za kukosa darasa zikaungana mpaka hakuna aliyemuuliza tena. Kiswahili alikisoma kwa kidole, polepole, kama anayetoa mawe kwenye mchele. Kiingereza cha karatasi hakikumpa hata hilo. Alichojua ni picha: mwavuli, kitanda, ngazi, birika. Akiona birika, alijua hadithi ya mjomba aliyebandika maji jikoni, akatoka kupiga soga na jirani mpaka birika likaungua.

Jioni Fundi alipiga simu.

"Malkia wa pasi, umefika nyumbani?"

"Nimefika."

"Nimekutumia meseji mara ngapi leo? Hujibu."

"Vidole vimechoka. Nipigie tu."

"Niambie basi kitu kizuri."

"Lala salama."

"Hicho tu? Hata jirani ananiambia hicho!"

Kimya alicheka hadi mdogo wake akamuuliza anacheka na nani. Kisha akakata simu, akalala chali, na uso ukamwaka. Hakuona aibu ya kupendwa. Aliona aibu kwamba anayependwa ni mtu mwingine, msichana mmoja msomi aliyezaliwa kwa neno moja kaunta.

Halafu Fundi akapiga simu mchana, kabla hata ya muda wao.

"Mpenzi, kaa chini. Umekaa?"

"Niko kwenye pasi."

"Weka pasi chini. Dada yangu anatafuta mtu wa mapokezi pale kliniki kwake. Anataka anayejua Kiingereza, wanapokea wageni wengi. Nimemwambia yupo, tena ni wifi yake!"

Kimya aliweka pasi juu ya sahani yake. "Umemwambia?"

"Nimemsifia mpaka kachoka. Kesho kutwa asubuhi. Watakupa hadithi fupi, unasoma kwa sauti, unajibu maswali. Kwako wewe si ni chai?"

"Hadithi gani?"

"Hizihizi zetu. Makaratasi hayo hayo nilimtolea nakala mimi." Sauti yake ikashuka. "Unajua dada ndiye aliyenilea. Nataka akuone nikuonavyo."

Angeweza kusema hapo hapo. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini alisikia ile furaha upande wa pili wa simu, akafikiri: kama ni hizihizi, nitaangalia picha.

Siku ya kwenda kliniki Bosi alimwazima blauzi nyeupe, akaipiga pasi yeye mwenyewe. "Leo acha wengine wakupigie," alisema. Kimya alivaa sketi nyeusi na viatu vilivyombana. Kliniki ilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Dada yake Fundi alikuwa mwanamke mrefu, nywele amezibana nyuma, kalamu mbili kifuani. Daktari mmoja alikuja kusikiliza. Fundi akasimama mlangoni, amevaa lile koti jeupe, anatabasamu kama bwana harusi.

"Karibu, wifi," dada alisema kwa utani mdogo. "Soma tu taratibu."

Karatasi ikawekwa mbele yake. Juu kulikuwa na picha ya birika.

Alishusha pumzi kwa raha. Akaishika karatasi kwa mikono miwili na kuanza: mjomba, maji, jirani, moshi. Sauti ilitoka safi, ikipanda na kushuka panapotakiwa. Alikumbuka hata kugeuza macho kutoka kushoto kwenda kulia kama alivyomwona Fundi akifanya.

Alipofika kwenye moshi, dada aliinua mkono. "Samahani. Unasoma nini?"

Kimya akaitazama tena picha. Lilikuwa birika.

"Hapa pameandikwa mama aliyerudisha birika dukani kwa sababu linavuja. Hakuna mjomba hapa. Hakuna moto."

Kumbe makaratasi yenye birika yalikuwa mawili, na hili Fundi hakuwahi kumsomea. Daktari alikohoa ngumini. Na hapo mlangoni, Fundi alicheka. Alicheka kwa nguvu, kwa kumpenda, maana alimjua kwa utani wake wa chinichini na aliona hapo amefanya kali kuliko zote. Kimya hakujua hayo. Alisikia kicheko tu. Aliweka karatasi mezani, akailainisha kwa kiganja kama shuka, akatoka. Viatu alivivua nje.

Simu akaizima.

Dada alimkalisha Fundi kwenye kiti kilekile. "Mchumba wako amekuja kunifanyia mzaha ofisini kwangu, mbele ya daktari."

"Dada, labda aliogopa..."

"Mtu anayetamka Kiingereza vile anaogopa mistari kumi? Alijisikia. Aliona kazi ya mapokezi haimtoshi. Angesema tu."

Fundi alitoka nje na simu mkononi. Kadiri alivyopiga simu isiyopatikana, ndivyo maneno ya dada yalivyozidi kuonekana kweli. Mwisho akaenda dobi.

"Kimya!" Bosi aliita. "Kuna mteja hapa hana nguo hata moja ya kufua. Sijui amekuja kufuliwa nini."

Alitoka na kitambaa cha njano kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Wakaenda nyuma, kwenye mashuka. Hakuna aliyekaa.

"Nitauliza kitu kimoja tu, niondoke," Fundi alisema. "Ulifanya makusudi?"

Kimya alitazama chini.

"Kwa sababu kama ni utani, mimi nilicheka. Lakini dada ameumia. Na mtu anayemcheka dada yangu, hata nimpende vipi, siwezi kumpeleka kwetu. Niambie ni nini. Au huitaki kazi? Hunitaki mimi?"

Akatikisa kichwa.

"Basi ni nini, mama? Sema!"

Ilikuwa rahisi sana kusema ni utani. Angebaki msichana msomi, mwenye kiburi, aliyeachwa. Watu wangemsema vibaya, lakini wasingemwonea huruma. Fundi alisubiri, kisha akashusha mabega na kugeuka.

Kimya alimshika mkono wa koti. Akaingiza vidole kwenye mfuko wa juu wa koti, Fundi alimozoea kutia makaratasi yake, akatoa moja na kuifungua. Ilikuwa na picha ya ngazi. Akaifunika picha kwa kiganja. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza la hadithi, akamtazama Fundi, na akatikisa kichwa. Akasogeza kidole kwenye neno la pili. Akatikisa kichwa tena. Machozi yakaanguka kwenye karatasi, naye akayafuta kwa haraka asiiharibu.

Fundi alivua miwani. Alikaa kwenye benchi kama aliyesukumwa.

"Zote?" akauliza polepole. "Zote kwa masikio?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Na mimi nikasimama pale nacheka." Alijifunika uso. "Nilidhani unatania. Wallahi nilidhani ni utani wako. Nisamehe, mpenzi."

Kimya alikaa kando yake, sio karibu sana. Shuka lilipepea likawagusa magoti.

"Sikiliza," Fundi akasema, akiwa tayari ameshika simu. "Dada tutamwambia ni macho. Kwamba huoni karibu, uliona haya kusema. Mimi ndiye fundi wa miwani, ataniamini. Hakuna atakayejua. Mimi na wewe tutajifunza kidogo kidogo, hapa hapa. Nampigia."

Alibonyeza namba. Simu ikaita. Kimya alisikia moyo wake ukigonga kwenye masikio yale yale yaliyombeba kote huko. Akanyoosha mkono.

"Nipe."

"Acha mimi niongee, utaumia."

"Nipe mimi, Fundi."

Akampa. Upande wa pili sauti ya dada ilikuwa kavu. "Nani?"

"Shikamoo, dada. Ni mimi, wa birika."

"Marahaba. Haya, sema."

"Sikuja kukudharau, dada. Ile karatasi sikuisoma kwa sababu sijui kusoma."