Damu kwenye Kanga ya Mastura

Kitu cha kwanza alichokiona Sajini Yustina, mpelelezi kutoka Mtwara mjini, hakikuwa ile kanga. Ni vifaranga. Walikuwa wachanga, wanazunguka chini ya uchanja wa muhogo wakilia, na mama yao hayupo.

Kanga yenye damu iliokotwa asubuhi mikokoni, nyuma ya kijiji kipya cha ujamaa karibu na mdomo wa Ruvuma. Mwenyewe, Mastura, msichana wa miaka kumi na sita, hakuonekana tangu jana. Mgambo walikuwa wamemkamata mjomba wake, Shaibu, wakamfunga kamba uani.

"Majirani walikusikia," Yustina alimwambia. "Ulisema aolewe na Hassani Ijumaa, ama utamuua."

"Nilisema. Mama yako wewe hajawahi kukwambia atakuua?"

"Kila siku."

"Basi kamfunge na yeye."

Mgambo mmoja alicheka.

"Mimi mjomba," Shaibu aliendelea. "Kwetu kumwoza ni haki yangu, si ya baba yake. Kuua sijaua, dada askari."

Ndani, mama wa Mastura, Mwanahawa, alikuwa mkekani pamoja na mumewe, Salumu.

"Mwachieni kaka yangu," alisema. "Mtamnyonga bure. Mwanangu kaliwa na mamba."

"Mamba ale mtu, kanga isikatike hata uzi?" Yustina aliuliza.

Mwanahawa aligeuzia uso ukutani.

"Pole, mama. Kuku mwenye vifaranga yuko wapi?"

"Tulimla jana."

"Anayelea vifaranga?"

"Njaa, mwanangu."

"Mimi sikula kuku," Salumu alisema. "Tulikula kisamvu."

Yustina alikuwa Mkristo, lakini alikulia kwa majirani Waislamu. Alijua kwamba huku mwanamke hashiki kisu cha kuchinjia. Hata kuku mmoja hupelekwa kwa mwanamume. Akaagiza aitwe Mzee Alawi, mchinjaji wa kijiji.

"Nyumba hii?" mzee alishangaa. "Tangu Idi hawajaniletea hata jogoo."

Nyuma ya jiko udongo ulikuwa mbichi. Mgambo walifukua kidogo tu, wakamtoa kuku mzima na manyoya yake, kakatwa shingo. Mwaka ule watu walikuwa wakichimba mizizi porini, na hapa nyama ilikuwa imefukiwa.

"Kwa nini hukumpika?" Yustina aliuliza.

"Nilimchinja mwenyewe." Sauti ya Mwanahawa ilikuwa ya chini. "Ningewalishaje watu kibudu?"

"Ulitaka damu yake tu."

"Ndiyo."

"Mastura yuko wapi?"

"Kavuka mto na kungwi wake, Mmakua aliyekuwa anarudi kwao Msumbiji. Hamtampata."

"Na kanga?"

"Msichana aliyetoroka hufuatwa. Aliyeliwa na mamba huombewa dua, basi. Sikujua kama mtamkamata kaka yangu."

"Umedanganya polisi, mama. Tutakwenda wote kituoni."

"Twende."

Shaibu alifunguliwa kamba. Aliingia ndani akisugua vifundo vya mikono, akasimama mbele ya dada yake.

"Umenitia kitanzini kwa sababu ya Hassani? Ana ubaya gani? Wewe si nilikuoza mimi mwenyewe? Ulilia siku mbili, ukatulia. Tazama, una nyumba, una mume."

Mwanahawa alimtazama Salumu, aliyekuwa ameinamia mkeka. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Sikutulia, kaka. Nilinyamaza. Huyu sikumtaka siku ile, na mpaka leo simtaki."